Mesoni Ngeni zenye Kwaki Nzito: Istilahi Isitangulie Ushahidi

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi ya juu umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba ni suala la hesabu ya maneno. Upande mmoja huorodhesha istilahi zinazokosekana, na upande wa pili hujibu kwa kuorodhesha zilizokwisha kuundwa. Kazi ya uundaji imefanyika kweli na haistahili kubezwa. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa sheria mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, mjadala wa orodha una dhana iliyojificha ndani yake, nayo ni kwamba wanasayansi wamekwisha kuafikiana kitu ni nini, na kwamba mwanaisimu amebakiwa na kazi ya kukipa jina tu.

Yapo maeneo ya elimu ambako dhana hiyo si kweli. Mojawapo ni lile la mesoni ngeni zenye kwaki nzito, ambamo vipimo vipo, chembe zimethibitika, lakini nadharia zinazoeleza muundo wake zinashindana hadi leo. Makala haya yanatetea hoja kwamba katika eneo la namna hiyo istilahi ya Kiswahili itaje kile kilichopimwa, na muundo unaodhaniwa uwekwe katika sentensi inayoweza kukubaliwa au kukanushwa. Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kitu chenyewe kielezwe, kisha nadharia, na ndipo mazoea ya kutaja majina yachunguzwe, kwa mifano miwili kutoka mkoa wa Mara.

2.0 Kitu Kinachozungumzwa

Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba protoni, nyutroni na chembe za jamaa yake zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi. Zweig alizipa jina la ree, karata ya kuchezea. Gell-Mann alichukua neno kutoka katika riwaya ya James Joyce, akaziita kwaki, na jina hilo ndilo lililodumu. Katika mpangilio wa kawaida, kwaki tatu hufanya barioni, kama vile protoni, na kwaki moja pamoja na antikwaki moja hufanya mesoni. Gell-Mann mwenyewe alidokeza katika makala yake ya mwaka huo kwamba hesabu haizuii mesoni yenye kwaki mbili na antikwaki mbili.

Kwaki huitwa nzito kwa sababu ya tungamo lake. Kwaki c, ambayo inaweza kuitwa kwaki haiba, ina tungamo la takriban MeV 1,300, na kwaki b takriban MeV 4,200, ilhali protoni nzima ina MeV 938 tu. Uzito huo una faida kwa mwananadharia, kwani kwaki nzito huenda polepole ikilinganishwa na nyepesi, na jozi ya kwaki nzito na antikwaki yake inaweza kuchunguzwa karibu kama atomu inavyochunguzwa. Baada ya jozi ya kwanza ya aina hiyo kugunduliwa Novemba 1974 katika maabara mbili za Marekani kwa wakati mmoja, ikabaki na jina maradufu la J/ψ, modeli rahisi ilitosha kueleza viwango vingi vya nishati. Katika modeli hiyo mvuto wa karibu hufanana na ule wa umeme, na nishati ya mvuto wa mbali huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka.

Utulivu huo ulivunjika mwaka 2003. Kikundi cha Belle huko Tsukuba, Japani, kilitangaza chembe yenye tungamo la karibu MeV 3,872, ikaitwa X(3872). Makadirio maarufu ya modeli ya jozi yalikuwa yameweka mesoni ya aina hiyo makumi kadhaa ya MeV juu zaidi. La kushangaza zaidi ni kwamba tungamo lililopimwa linakaribia kulingana na jumla ya matungamo ya mesoni mbili nyingine, D na D* zisizo na chaji. Kwa lugha ya fani, chembe hiyo imekaa juu ya kizingiti chenyewe cha mlango ambao ingeupitia ili kugawanyika kuwa mesoni hizo mbili. Mwaka 2013 Zc(3900) ilipatikana katika majaribio ya BESIII nchini China na ya Belle. Hiyo ina chaji ya umeme, na kwa kuwa kwaki c na antikwaki yake hufutiana chaji, haiwezi kuwa na chini ya kwaki na antikwaki nne. Mwaka 2021 jaribio la LHCb huko CERN lilitangaza Tcc, yenye kwaki c mbili na antikwaki nyepesi mbili, iliyo chini ya kizingiti chake kwa kiasi kisichofika nusu ya MeV.

3.0 Nadharia Zinazoshindana

Kuhusu chembe hizi kuna mielekeo mikuu mitano. Wa kwanza husema kwamba ni molekuli, yaani mesoni mbili zilizoshikamana kwa nguvu dhaifu, kama protoni na nyutroni zinavyoshikamana katika dyutroni. Ikiwa X(3872) ni hivyo, na nishati ya mshikamano wake ni sehemu ya kumi ya MeV, basi umbali bainifu kati ya sehemu zake mbili unakokotolewa kuwa kama femtometa 14, zaidi ya mara kumi ya nusukipenyo cha protoni. Mwelekeo wa pili, uliopewa nguvu na kazi ya Luciano Maiani na wenzake mwaka 2005, hukana upana huo. Kwao kwaki mbili hufungamana kwanza kuwa jozi, antikwaki mbili nazo hufungamana, na jozi hizo husongamana katika nafasi ndogo. Katika mwelekeo wa kwanza kila mesoni hubaki na utambulisho wake. Katika wa pili hakuna mesoni ndani ya mesoni.

Mwelekeo wa tatu huitazama jozi nzito kama kokwa na maada nyepesi kama nyama ya tunda inayoizunguka. Wa nne huzungumzia mesoni mseto, ambamo gluoni, zile chembe zinazounganisha kwaki, zenyewe zimesisimka na kuchangia sifa za chembe nzima. Wa tano ni wa tahadhari zaidi, kwani husema kwamba baadhi ya vilele vinavyoonekana kwenye grafu si chembe mpya hata kidogo, bali ni athari ya kizingiti, mkunjo unaotokea katika hesabu pale tu mlango mpya wa mwachano unapofunguka.

Juu ya modeli hizi kuna njia mbili zinazoanzia kwenye nadharia ya msingi, kromodinamiki ya kwantamu. Ya kwanza ni ya nadharia fanisi, ambazo hutumia tofauti kubwa kati ya tungamo la kwaki nzito na nishati ya mwendo wake ili kutenga yanayohusika na yasiyohusika. Ya pili ni mbinu ya wavu, iliyoasisiwa na Kenneth Wilson mwaka 1974, ambayo hugawa nafasi na wakati kuwa vifundo kama vya wavu na kukokotoa kwa kompyuta. Mvuvi wa Musoma anajua kwamba ukubwa wa macho ya wavu huamua kinachonaswa. Mkokotoaji naye anajua hivyo, ndiyo maana hurudia hesabu kwa macho madogo na madogo zaidi, kisha akakadiria jibu ambalo lingepatikana kama macho yasingekuwepo kabisa. Kwa chembe zilizo karibu na kizingiti kazi hiyo ni ngumu hasa, kwani kitu kipana huhitaji wavu mpana.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mielekeo hii haitengani daima. Mekanika ya kwantamu huruhusu chembe moja iwe kwa sehemu jozi ya kawaida na kwa sehemu molekuli. Mwaka 1965 Steven Weinberg alionyesha, kwa mfano wa dyutroni, jinsi vipimo vya kitu kilichoshikamana kwa udhaifu vinavyoweza kueleza kiasi cha uunganifu wake. Swali la «je, ni molekuli?» kwa hiyo hugeuka kuwa «ni molekuli kwa kiasi gani?». Nomino pekee haiwezi kujibu swali la kiasi, sentensi inaweza.

4.0 Jina na Hukumu

Wanafizikia wenyewe wamelihisi tatizo hili. Herufi X ilikuwa ungamo la kutojua. Baada ya majina ya X, Y na Z kurundikana bila mpango, kikundi cha LHCb kilipendekeza mwaka 2022 utaratibu ambao herufi T hutaja tu kwamba chembe ina angalau kwaki na antikwaki nne, bila kusema zimepangwaje. X(3872) hupewa pia jina la χc1(3872), linalotokana na sifa zake za kwantamu zilizothibitishwa mwaka 2013. Majina yote mawili yametokana na kipimo.

Mfasiri wa Kiswahili anayeandika «molekuli ya haiba» kila anapokutana na X(3872) amekwisha kuamua kesi ambayo mahakama bado inaisikiliza. Anayeandika «kwaki nne» amefanya hivyo pia, ingawa neno hilohilo linafaa kwa Zc na Tcc, ambazo idadi hiyo ya chini imethibitika kwazo.

Hatari hii inajulikana vema katika historia ya tafsiri ya Kiswahili. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichapisha mwaka 1969 tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Mabepari wa Venisi. Kichwa cha Shakespeare kinataja mfanyabiashara mmoja; kile cha Kiswahili kinataja mabepari, wengi, na msomaji anaingia kwenye onyesho la kwanza akiwa na hukumu ya kitabaka mkononi. Katika fasihi hatua hiyo ni halali, kwani kufasiri tamthilia ni kuisoma kwa jicho fulani, na msomaji anayo matini yote ya kupimia. Katika fizikia istilahi husafiri bila matini. Huingia katika kamusi, mitihani na vichwa vya wanafunzi, na hukumu iliyomo husahaulika kuwa iliwahi kuwa hukumu.

Mfano wa pili ni jina la kata. Katika wilaya hiyohiyo ya Butiama kuna kata za Bukabwa, Buruma, Busegwe na Buswahili. Kiambishi bu- cha majina haya ni ndugu wa u- ya Kiswahili, ambayo hutaja nchi katika Uganda, hali katika utoto na sifa katika uzito. Mgeni kutoka pwani anayelisikia jina Buswahili anaweza kukata shauri papo hapo kuhusu asili ya wakazi wake. Mwanahistoria makini hafanyi hivyo. Kwake jina ni swali la kupeleka kwa wazee na kwenye nyaraka, na umbo la kiambishi halimwambii ni uhusiano gani uliozaa jina. Uangalifu huo unaodaiwa kwa jina la kata unadaiwa vilevile kwa jina la mesoni.

Kwa kigezo hiki, neno -geni linafaa kuliko linavyodhaniwa. Ugeni si umbile la mtu, bali ni uhusiano wake na mwenyeji. Kuiita mesoni ngeni ni kusema kwamba haijazoeleka katika mpangilio wa jozi, bila kudai lolote kuhusu muundo wake. Neno hilo pia lina ukomo ndani yake, kwani mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Muundo ukishathibitika, chembe itapewa jina la kazi yake. Sharti ni kwamba -geni isichanganywe na «ajabu», ambayo iachiwe kwaki s, la sivyo dhana mbili zilizo mbali zitavaa neno moja.

5.0 Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba ni heri kusubiri mpaka wanafizikia wamalize ubishi wao. Pingamizi hili linasahau kwamba sayansi hai ni ubishi, na lugha inayosubiri mwisho wake hupokea masalia tu. Wengine watasema kwamba inatosha kutohoa, yaani kuandika tetrakwaki na kuendelea. Kutohoa si kosa, na makala haya yenyewe yametohoa kwaki, gluoni na mesoni. Kasoro yake ni kwamba neno lililotoholewa hubeba hukumu ya lugha asilia bila kukaguliwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wasomaji wa mada hii kwa Kiswahili ni wachache. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na fizikia ya sekondari nchini Tanzania ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Nyerere mwenyewe alikitetea Kiingereza kuwa ni Kiswahili cha dunia. Lakini mtoto wa Bunda au Buswahili katika shule ya msingi ya umma hujifunza kufikiri kisayansi kwa Kiswahili kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kufundishwa sayansi kwa lugha nyingine. Akifika mbali, kwa mfano katika Taasisi ya Utafiti wa Sayansi za Msingi ya Afrika Mashariki iliyofunguliwa Kigali mwaka 2018, atatakiwa kutofautisha kilichopimwa na kinachodhaniwa. Stadi hiyo hujengwa mapema, kwa lugha ambayo mtoto huitumia kuuliza maswali.

6.0 Hitimisho

Kutokana na hoja hizi, kidahizo cha istilahi ya sayansi inayobishaniwa kinapaswa kuwa na sehemu tatu zilizotenganishwa: jina lisiloegemea upande, maelezo ya kilichopimwa pamoja na mwaka wake, na orodha ya nadharia zinazoshindana, kila moja na kitenzi chake, kama kushikamana kwa molekuli, kusongamana kwa jozi, au kukunjamana kwa mstari kwenye kizingiti. Kiswahili kina vitenzi hivyo tayari, na tofauti kati yake huhisiwa na kila mzungumzaji. Kazi hii haiwezi kufanywa na wanaisimu peke yao wala wanafizikia peke yao. Idara za Kiswahili na za fizikia katika vyuo vya Afrika Mashariki zinaweza kuianza pamoja kwa kidahizo kimoja, X(3872), na kukirekebisha kila kipimo kipya kinapotangazwa.