MAJI YA UMMA SI CHUPA YA DAWA

Ndugu Wanachama,

Kuna maneno ambayo kila mtawala hupenda kumwambia raia wake: "Jambo hili ni la wataalamu. Kazi yako wewe ni kunywa na kulipa." Maneno haya tumeyasikia juu ya ardhi, tumeyasikia juu ya karafuu, na tumeyasikia juu ya kura. Leo twataka kuyapima juu ya kitu ambacho hapana nyumba iwezayo kukaa siku mbili bila yake, nacho ni maji ya bomba.

Tutaanza na khabari za kisiwa kingine, Ireland, kilichotawaliwa na Waingereza kama tulivyotawaliwa sisi. Mwaka 1960 Bunge la Jamhuri ya Ireland lilipitisha sheria ya kutia floridi katika maji ya kunywa ya umma, kwa nia ya kupunguza kuoza kwa meno. Nia ilikuwa njema, na hatuikani. Lakini sheria ile haikuwauliza watu wa mji huu au mji ule kama wanataka. Iliwaamrisha wakuu wa afya watie, na raia wanywe.

Mama mmoja wa Dublin, Gladys Ryan, mwenye watoto watano, alikataa. Akaishitaki Serikali, na miongoni mwa mawakili wake alikuwamo Seán MacBride, ambaye mwaka 1974 alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka 1963 Mahakama Kuu iliikataa kesi yake, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu nayo ikaikataa. Mwaka huo huo maji ya Dublin yakaanza kutiwa floridi, na mpaka leo watu wengi wa nchi ile wanayanywa.

Tazameni basi jibu alilopewa mama yule. Jaji wa Mahakama Kuu alisema kwamba sheria haimlazimishi mtu kuyanywa maji ya bomba, na kwamba kwa paundi chache aweza kununua chombo cha kuitoa floridi nyumbani kwake. Je, asiye na paundi chache? Mwenye nacho atachuja, na asiye nacho atameza! Hivi ndivyo khiari ya maskini inavyopotea, bila ya askari wala pingu.

Walakini mama Ryan hakutoka mikono mitupu. Katika kesi ile ile majaji walikiri kwamba raia anayo haki juu ya usalama wa mwili wake, ijapokuwa haki hiyo haikuandikwa kwa jina katika Katiba ya Ireland. Alishindwa kesi, lakini haki aliyoidai imebaki, na wengine wameisimamia mahakamani baada yake.

Sasa twauliza: ni kitu gani hasa kinachotiwa? Wengi hudhani ni unga safi kutoka duka la dawa. Sivyo. Katika Ireland, na katika miji mingi ya Marekani, kinachotumika ni asidi iitwayo heksaflorosiliki. Asidi hii hupatikana katika viwanda vya mbolea. Mawe ya fosfeti hutiwa asidi kali ya salfa, na hapo hutoka moshi wenye floridi, ambao ukiachiwa hewani hudhuru mimea na mifugo. Moshi huo hunaswa kwa maji, na maji hayo ndiyo yanayokuwa asidi ya kuuzwa. Ndani yake huweza kuwamo chembe za aseniki na za risasi, na kwa ajili hiyo kumewekwa kanuni za kuipima kabla haijatiwa majini. Ikisha kuchanganywa na maji mengi, chembe hizo huwa kidogo sana. Lakini raia anayo haki ya kujua kilichomo na kilikotoka kabla ya kukinywa.

Jambo la pili ni kipimo. Daktari anapokupa dawa hukuuliza umri wako, hutazama uzito wako, na hukwambia vidonge vingapi. Bomba haliulizi. Mchukuzi anayefanya kazi juani hunywa lita nyingi, na karani hunywa glasi mbili. Mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya unga hupata floridi nyingi kwa uzito wake kuliko baba yake. Mtambo nao huharibika. Mwezi wa Mei 1992, katika kijiji cha Hooper Bay huko Alaska, mtambo wa floridi uliharibika, watu mamia wakaugua, na mmoja akafa.

Hatutaki kusema uongo ili tushinde hoja. Ni kweli kwamba floridi hulinda meno. Mji wa Calgary katika Kanada uliacha kuitia mwaka 2011, meno ya watoto wake yakaoza zaidi kuliko ya jirani zao wa Edmonton, na mwaka 2025 ukairudisha. Lakini ni kweli vile vile kwamba faida hiyo imepungua tangu dawa ya mswaki yenye floridi ilipoenea. Na mwaka 2024 wataalamu wa serikali ya Marekani yenyewe walitoa ripoti kwamba floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huambatana na kupungua kwa akili za watoto. Kwa kiasi cha 0.7 kinachotiwa katika miji yao, ripoti haikuweza kukata shauri. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule jaji mmoja wa California alihukumu kwamba hata kiasi hicho kina khatari isiyopuuzika, na mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yakapiga marufuku kuitia. Kwa miaka mingi aliyeuliza maswali haya alichekwa. Leo maswali yake yanajadiliwa mahakamani na mabungeni.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Ndugu zetu wa Arusha na Meru hawakutiliwa floridi na mtu. Imetoka katika mawe ya volkano ya Bonde la Ufa, na imewatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na palipozidi sana imepinda mifupa. Serikali ilifanya nini? Mwaka 1974 kipimo cha muda cha maji ya vijijini kiliwekwa miligramu 8 kwa lita, hali Shirika la Afya la Dunia leo lasema isizidi 1.5. Maji yaliposhindwa kufika kwenye kipimo, kipimo kilipelekwa kwenye maji! Miaka mingi ilipita kabla ya kipimo hicho kuteremshwa. Wataalamu wa kituo cha Ngurdoto wamefundisha kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ya kusifiwa. Lakini kalamu iliyoandika 8 haikusafisha hata ndoo moja.

Hapa Visiwani hapana mtambo wa kutia floridi, na mwenye kukwambia upo anakudanganya. Wala mwanachama asitumie maneno yetu kuikataa klorini. Klorini huua vijidudu vilivyomo majini, na sisi kipindupindu tunakijua. Klorini yatiwa kwa ajili ya maji, na floridi yatiwa kwa ajili ya mwili wa mnywaji. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na katika hilo la pili mwenye mwili hana budi aulizwe.

Basi shabaha yetu ni moja. Maji ya umma ni amana, na mwenye kushika amana hutoa hesabu. Kwa hivyo twadai:

Kwanza, matokeo ya kupima maji ya kila kisima na kila tangi, ya chumvi, ya vijidudu na ya madini, yabandikwe hadharani katika kila shehia, kwa Kiswahili kinachosomeka.

Pili, pasitiwe kitu chochote majini kwa ajili ya kutibu miili ya watu mpaka Baraza la Wawakilishi lijadili mbele ya wananchi, na wananchi waseme ndiyo au hapana.

Tatu, kipimo cha usalama kisibadilishwe kwa sababu ya uzito wa kazi. Kazi ikiwa nzito, na ifanywe.

Wakubwa watasema twatia watu khofu. Khofu huja pale penye kufichwa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Palipo na hesabu mezani, hapana khofu.

Ndugu Wanachama, lisomeni tawini, na asiyejua kusoma asomewe. Kisha nendeni kwa sheha wenu, kwa adabu na bila ya ugomvi, mkamuulize swali moja tu: maji yetu yalipimwa lini, na jibu liko wapi?

MAJI NI AMANA. MWENYE AMANA AULIZWE.