Tarehe ya Uongo Inatunyima Haki: Salamabila Inataka Saa ya Umma

Wandugu vijana wa Salamabila, wa Kabambare, wa Kasongo, na nyinyi wa kwetu mlioko Kindu, Bukavu na Kinshasa,

Tulipeleka picha kwa ofisi moja. Picha kumi na moja za barabara iliyokatika, tumezipunguza ukubwa na kuzihifadhi kwenye kompyuta ya mwenzetu, pamoja na barua yenye saini. Mkubwa akafungua faili ya kwanza, akasoma tarehe: 1 Januari 2012. Akafungua ya pili: 1 Januari 2012. Akacheka. "Hii barabara ilikatika zamani, leo mnatafuta nini?" Tukatoka na barua yetu mkononi.

Hatutamtukana. Tarehe ilikuwa ya uongo kweli. Ndani ya kompyuta kuko kabatri kadogo ka duara, ka volti 3, kama kifungo cha koti. Kazi yake ni moja: kukumbuka saa wakati mashine imezimwa. Kakikufa, na solari ikiisha nguvu usiku, asubuhi kompyuta inaamka katika mwaka ule wa kiwandani. Kwetu kompyuta zinaamka hivyo kila siku, na sisi tunaendelea kuchapa barua, risiti na orodha za wanafunzi kana kwamba hakuna kitu.

Kuko wandugu watakaosema: barabara hakuna, umeme hakuna, dhahabu ya Namoya inapita juu ya vichwa vyetu, na nyinyi munaleta mambo ya saa? Ndiyo, tunaleta. Malalamiko yote munayoyataja yanahitaji ushahidi, na ushahidi bila tarehe ni hadithi ya jioni. Kijana amepigwa saa ngapi? Lori limepita kizuizi siku gani? Mwenye nguvu hana haja ya kukanusha picha yako. Anaonyesha tu kidole kwenye tarehe.

Na si picha tu. Tovuti salama inajitambulisha kwa cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Vyeti vingi vya bure vinadumu siku 90 tu. Kompyuta ikidhani ni mwaka 2012, inaona cheti bado hakijazaliwa, inapiga kelele: "muunganisho si salama". Sisi tunafanya nini? Tunabofya "endelea". Tumeshazoea kubofya "endelea" mpaka siku adui wa kweli atakapokaa katikati yetu na ukurasa wetu, tutabofya vilevile. Hata zile namba sita za kufungua akaunti, zinazobadilika kila sekunde 30, zinahesabiwa kwa saa. Simu yako ikichelewa dakika tano, namba inakataliwa, na unaanza kusema umeibiwa akaunti.

Basi dawa iko wapi? Iko bule, na ndiyo inayotuudhi zaidi, kwa sababu tumekaa miaka bila kuichukua.

Mwaka 1985 David Mills, mwalimu wa chuo kikuu Marekani, mtu aliyezaliwa na ugonjwa wa macho, aliandika kanuni ya kompyuta kuulizana saa kupitia mtandao. Inaitwa NTP. Mills alikufa Januari 2024, na mashine za dunia nzima zinaendelea kuulizana kwa kanuni yake. Tangu mwaka 2003 kuko mkusanyiko wa watu wa kujitolea, NTP Pool, ambao wanaacha seva zao wazi ili kila mtu aulize saa. Hauandiki jina, haulipi hata franka moja. Ni kama adhana ya Kasongo au ile jante ya lori inayopigwa shuleni: haichagui nani asikie.

Kwa Afrika andika hizi nne katika mipangilio ya kompyuta yako: 0.africa.pool.ntp.org, kisha 1, 2 na 3 mahali pa sifuri. Juu ya nini nne? Ukiuliza shahidi mmoja, akidanganya umedanganyika. Ukiuliza wawili wakipingana, haujui nani mkweli. Wakiwa wanne, mwongo anajulikana na mashine inamtenga yenyewe. Baraza la wazee linafanyaka hivyo tangu zamani.

Mwenzetu mmoja anauliza: intaneti yetu ya antena inapanda mpaka setelaiti, kilomita karibu 36,000 juu, na kurudi, jibu si litafika limechelewa? Linachelewa, karibu nusu sekunde au zaidi. Lakini NTP inapima safari yote ya kwenda na kurudi, inagawa kwa mbili, inasahihisha. Kosa linalobaki ni sehemu ndogo ya sekunde. Kwa barua ya barabara, inatosha kabisa.

Sasa adabu. Usichukue anwani ya seva moja ya mtu ukaisambaza katika simu na mashine zote za kijiji. Mwaka 2003 vifaa vya Netgear vilitoka kiwandani vikiwa vimeandikiwa ndani anwani moja tu, ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Seva ile ilipigwa na pakiti zaidi ya laki mbili kila sekunde. Kisima cha umma kinakauka namna hiyo. Tumia majina ya mkusanyiko, na uache mashine iulize kwa mwendo wake wa kawaida.

Na tafadhali, muangalie eneo la saa! Nchi yetu iko na saa mbili. Maniema inafuata saa ya Lubumbashi, lisaa limoja mbele ya Kinshasa. Kompyuta nyingi tunazokuta hapa zimechaguliwa "Kinshasa", eti juu ni mji mkuu. Seva itakupa saa sahihi, na wewe bado utaandika lisaa limoja la uongo. (Hata katika hili tunavaa nguo za Kinshasa zisizotutosha.)

Sasa tunageukia wakubwa. Ulaya inahesabu seva zake katika mkusanyiko ule kwa maelfu. Afrika nzima haifiki elfu. Juu ya nini kompyuta ya Salamabila iende kubisha mlango wa mtu wa kujitolea ng'ambo, ili kujua kama ni Jumatatu? Setelaiti za GPS zimebeba saa za atomu na zinapita juu ya Salamabila sawa na juu ya Paris. Kipokezi kidogo, antena inayoona mbingu, na kakompyuta ka ukubwa wa kiganja: hivyo vitatu vinatosha kuwa seva ya mji mzima, hata intaneti ikikatwa. Tunasema na ikatwe, juu tunajua inakatwaka.

Tunaitaka serkali ya taifa iweke seva za saa za umma kwenye vituo vya kubadilishana intaneti, Kinshasa, Lubumbashi na Goma, na itangaze anwani zake wazi. Tunaitaka serkali ya jimbo iweke kipokezi kimoja Kindu, kimoja Kasongo, kimoja hapa. Kampuni zinazochimba katika ardhi yetu zinajua sekunde ya kila mashine yao; bei ya kipokezi kimoja haitazifilisi.

Wakati tunangoja, hatukai. Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, saa ya Lubumbashi, tunaanza na kompyuta za vituo vya fotokopi. Mwenye mashine alete kabatri kapya, sisi tunaleta bisibisi. Zile picha kumi na moja tumeshazipiga tena.