Michezo ya bure kwenye simu: tuchague ile isiyokula mega wala pesa ya jamaa

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Goma, na ninyi jamaa mliotoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo mkapokelewa katika nyumba za watu, leo tuongee juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: michezo ambayo watoto wetu wanacheza kwenye simu.

Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini na benki zikafunga milango, kila franka inahesabiwa mara mbili. Februari ile ile kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo zikavunjwa. Wengine walirudi vijijini na kukuta nyumba zimeharibika, wengine walibaki hapa, jamaa mbili au tatu katika nyumba moja. Humo ndani mara nyingi kuna simu moja ya kugusa. Simu hiyo ndiyo ya kupokea pesa, ya kuuliza habari za waliobaki nyuma, na jioni watoto wanaigombania. Kwa hiyo swali la mchezo gani mtoto anafungua ni swali la matumizi ya nyumba.

Maoni yangu ni haya: tusiwakataze watoto kucheza, ila tuwachagulie. Na michezo ya kuwaza, ile inayofunguka ndani ya Chrome bila kupakua kitu, ndiyo inayotufaa kuliko mingine.

Neno «bure» lina mitego yake. Mchezo unaopakuliwa unaweza kuwa bure siku ya kwanza, kisha ukaleta tangazo la video baada ya kila mzunguko, na kila video inakula mega ulizonunua. Mwingine unaomba namba ya simu. Na kuna michezo ya pari, ile ya kuweka pesa, inayojipamba kwa rangi na matunda kama mchezo wa mtoto. Kijana asiye na kazi anaweka kidogo leo akitumaini kukomboa ya jana, na kesho pesa ya unga haipo. Kanuni ya nyumbani iwe moja: mchezo wowote unaoomba namba ya simu, namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, au pesa hata kidogo, unafungwa palepale.

Sasa ile ninayoipendekeza.

Wa kwanza ni 2048. Uliundwa mwaka 2014 na kijana Mwitaliano, Gabriele Cirulli, aliyekuwa na miaka 19. Ni ubao wa vyumba 16. Unasukuma namba kwa kidole, na namba mbili zinazofanana zikigusana zinakuwa moja: 2 na 2 ni 4, 4 na 4 ni 8, hadi kufika 2048. Mtoto wa masomo ya msingi anajifunza kuzidisha mara mbili bila kuambiwa kwamba anasoma. Ukurasa ukisha kufunguka, unaweza kuzima mega na mchezo ukaendelea, mradi usiufunge. Cirulli aliachilia kazi yake wazi, ndiyo maana kuna nakala nyingi. Ukikuta nakala iliyojaa matangazo, toka, tafuta nyingine.

Wa pili ni mkusanyo wa Simon Tatham, fundi wa kompyuta wa Uingereza. Ndani yake kuna michezo ya kuwaza karibu arobaini, bila matangazo na bila kujiandikisha. Maelezo yake ni ya Kiingereza, lakini michezo mingi ni namba, mistari na rangi. Mtoto ambaye hajui vizuri kusoma Kifaransa anacheza sawa na mwenzake.

Wa tatu ni kwa wale wanaosoma Kifaransa: Sutom. Unapewa herufi ya kwanza ya neno, unatafuta zilizobaki. Ni ndugu wa Wordle, mchezo wa Kiingereza wa Josh Wardle uliovuma mwishoni mwa 2021 na kununuliwa na gazeti la New York Times Januari 2022. Uzuri wa Sutom ni kwamba unatoa neno moja tu kwa siku. Ukimaliza, umemaliza, na simu inarudi kwa mama. Jamaa nzima inaweza kukaa pamoja na kubishana juu ya neno lile lile.

Kwa vijana wanaopenda dame, jaribuni Lichess. Ni mahali pa kucheza sataranji bila malipo na bila matangazo, na kuna mafumbo ambapo unatafuta hatua moja tu iliyo sahihi. Ukurasa ukikataa kufunguka katika Opera Mini, ujaribu katika Chrome.

Najua mtu ataniuliza: watu hawana chakula, wewe unaongea michezo? Ana haki ya kuuliza. Mchezo hauondoi njaa, hauleti amani, wala haushiki nafasi ya mwalimu. Lakini mtoto aliyekimbia risasi na kupoteza miezi ya masomo anahitaji saa moja ambapo kichwa chake kinashughulika na kitu chenye jibu. Kwa siku nyingi amekuwa akiona mambo ambayo hata sisi wakubwa hatuna jibu lake. Kupata chumba kimoja kilichobaki, na kujua kwamba amekipata mwenyewe, si kitu cha kudharau.

Hatari iliyopo ni ya kuzidisha. Tupange muda: nusu saa, tena baada ya kazi za nyumbani na kazi za masomo, na kwa zamu, msichana sawa na mvulana. Katika nyumba nyingi mvulana ndiye anayeshika simu na dada yake yuko kwenye maji. Hiyo tuirekebishe sisi wazazi.

Na asiye na simu? Sudoku haihitaji simu. Jina ni la Kijapani, ingawa fumbo lenyewe lilitokea kwanza katika gazeti la Marekani mwaka 1979. Kubwa lina vyumba 81, lakini kwa watoto vyumba 16 vinatosha. Chukueni kaa, chora kwenye ubao, hata juu ya jiwe bapa la lava, maana mawe ya volkano hayatukosi. Mistari minne, nafasi tupu nimeiwekea kistari:

1 – 3 –
– 4 – 2
2 – – 3
– 3 2 –

Kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama, na kila kona ya vyumba vinne lazima iwe na 1, 2, 3 na 4, bila kurudia. Jibu ni moja tu. Mpeni mtoto leo jioni, na ninyi wakubwa msimsaidie haraka.