Kabla hujanunua "dawa ya kuamsha jeni", muulize muuzaji alipimaje



Wiki iliyopita kijana mmoja wa Newala alinitumia picha ya chupa ya lita moja. Akaandika: "Bwana shamba, hii kitu ni kweli? Wanasema imetoka kwenye mwani, inaamsha jeni za mkorosho zilizolala. Tupo wanne, tunachanga tuchukue katoni." Nikamuuliza hela inatoka wapi. Akasema ni ile ya salfa.

Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Maua yanakaribia, ubwiriunga hausubiri mtu, halafu hela ya salfa inahamia kwenye chupa.

Sikumcheka, maana habari ya jeni kulala na kuamka ni ya kweli. Wanasayansi wanaiita epijenetiki, na sehemu moja wanakoichunguza ni kwenye mwani mdogo usioonekana kwa macho. Lakini ukishajua wanavyoichunguza, utaona kwa nini nasema msinunue katoni.

Sisi wa huku juu tunaokinga maji ya mvua tunaijua ile rangi ya kijani kwenye tangi lililokaa wazi juani. Mara nyingi ule ni mwani wa seli moja moja. Maabara nyingi hutumia mmoja wa aina hiyo unaoitwa Chlamydomonas reinhardtii. Sababu ni rahisi: hujigawa ndani ya saa chache tu, kwa hiyo kwa wiki chache mtafiti anaona vizazi ambavyo kwa mkorosho vingemaliza umri wake wote.

Ichukulie DNA kama kitabu. Kila seli inacho kitabu kizima, lakini haisomi kurasa zote. Nyingine zimewekewa alama ndogo za kemikali ziitwazo methili. Nyingine zimekazwa sana kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi uliokazwa kwenye kibiringo. Herufi zinabaki zilezile, kinachobadilika ni usomaji.

Sasa wanajuaje? Si kwa kuangalia rangi ya jani. Kwanza, huichovya DNA kwenye kemikali ya bisulfaiti. Herufi C isiyo na alama ya methili hubadilika na kusomeka kama T, yenye alama hubaki C. Wakisoma mpangilio wote, wanaona kila alama ilipokaa. Pili, hugandisha histoni na DNA kwa formalini, wanaikata vipande, kisha hutumia kingamwili kuvuta vile vipande vyenye alama wanayoitafuta. Tatu, wanahesabu nakala za RNA, maana jeni inayosomwa huacha nakala. Kama nakala hazipo, jeni imelala.

Na pembeni ya kila jaribio kuna mwani uleule ambao haukufanyiwa kitu, wa kulinganisha. Utafiti mmoja uliochapishwa 2017 uliukuza mwani huu kwenye mazingira magumu, mfano maji ya chumvi. Baadhi waliuzuia usibadilishe alama hizo, mwingine wakauacha. Katika baadhi ya mazingira, uliozuiliwa ulizoea polepole zaidi. Bila ule wa kulinganisha, wasingejua lolote.

Tena kuamsha jeni si kazi nyepesi. Kwa miaka mingi watafiti waliopandikiza jeni mpya kwenye mwani huu walikuta seli inaizima. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walitangaza wamepata mwani usiozima sana, lakini ilibidi waupige mionzi ya urujuanimno kisha wachague mmoja mmoja. Hiyo ni seli moja, ndani ya maabara, jeni moja. Leo mtu anakwambia chupa yake inaamsha jeni za mkorosho mzima kwa kupuliza tu! Atuambie alipima kwa njia ipi.

Nisieleweke vibaya. Mimi nina diploma ya kilimo, si mtu wa maabara, na sikatai kwamba zipo mbolea za maji za mwani zinazosaidia mazao. Ninachokataa ni neno "jeni" kufanywa chambo cha kumvulia kijana anayeanza biashara. Kwa hiyo muulizeni muuzaji maswali manne:

1. Imesajiliwa? Mbolea ni TFRA, kiuatilifu ni TPHPA. Mwambie akuonyeshe namba.
2. Mlijaribu kwenye mkorosho, au kwenye zao jingine?
3. Mliilinganisha na miti gani ambayo haikupulizwa?
4. Mlipima jeni, au mliona tu majani yamependeza?

Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Na kama moyo wako bado unaitaka, nunua chupa moja. Chagua mikorosho 20 ya kubebeshwa, ya kikonyo kimoja na umri mmoja. Usichukue iliyoota kwa mbegu, maana hiyo kila mti una kitabu chake, na tofauti utakayoiona hutajua imetoka wapi. Piga kura: 10 ipulizie dawa, 10 ipulizie maji matupu. Salfa, palizi na kupogolea viwe sawa kwa yote. Kisha pima korosho ghafi za kila mti peke yake, andika kwenye daftari, na mwakani rudia. Hapo hujui habari za jeni, lakini unajua kilo, na mnadani tunalipwa kwa kilo. Ukiona tofauti ya kweli, chukua daftari lako twende TARI Naliendele, wale ndio wenye kazi ya utafiti wa korosho.

Najua wapo watakaosema huo ni uchelewaji, wenzetu wa Masasi wameshapuliza. Sawa, lakini ukikosa salfa mwezi wa maua, hakuna jeni itakayokurudishia mavuno.

Jana yule kijana amenijibu. Salfa wameshanunua, na wamechukua chupa moja. Miti 20 wameifunga vitambaa, vyekundu na vyeupe. Nimemwambia mizani nitamwazima mimi.