Usishangilie umeme wa ‘jua bandia’ kabla ya kuuliza mafuta yatatoka wapi

Pengine uliiona habari hii mwaka 2024: mtambo wa JET ulioko Culham, Uingereza, umevunja rekodi kwa kutoa megajuli 69 za joto kutokana na miligramu 0.2 pekee za mafuta. Mitandaoni watu wakaanza kuhubiri umeme usioisha. Tulia kwanza. Joto hilo ni kama yuniti 19 za tokeni yako ya stima, na mtambo wenyewe ulikula umeme mwingi kuliko huo.

Lakini kizingiti kikubwa zaidi ni mafuta. Mitambo hii huunganisha aina mbili za haidrojeni. Diutiriamu hutolewa kwenye maji, hiyo ipo tele. Tritiamu ndiyo kazi. Nusu yake huisha kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hivyo huwezi kuirundika stoo ungojee siku ya kuitumia. Nyingi hutoka kwenye vinu vya nyuklia vya Kanada, na gramu moja hukadiriwa kugharimu dola 30,000.

Ndiyo maana pale JET kulikuwa na kikosi kizima cha kushughulikia gesi hii tu. Iliwekwa kwenye vyombo vyenye madini ya urani yanayoifyonza. Ikihitajika, vyombo vinapashwa moto nayo inatoka. Sehemu ndogo sana ndiyo huungua. Inayobaki huvutwa kwa pampu, husafishwa, hutenganishwa na kurudishwa kazini. Kila gramu ina hesabu yake. Si uchoyo: tritiamu hupenya hadi kwenye chuma chenye moto, na ikigeuka maji huingia mwilini kwa urahisi.

Sasa piga hesabu. Kituo cha megawati 1,000 za nguvu ya muungano kingehitaji takriban kilo 55 kwa mwaka. Akiba ya kiraia ya dunia nzima ni makumi machache ya kilo. Lazima basi kila kituo kijitengenezee tritiamu kutokana na lithiamu, jambo ambalo hakuna mtambo wa aina hii umewahi kufanya kwa kiwango hicho. Hata ITER, mradi mkubwa wa kimataifa ulioko Ufaransa, unapanga kuanza kutumia mafuta haya mwaka 2039.

Kwa hivyo ukisikia rekodi nyingine, usiulize moto uliwaka kiasi gani pekee. Uliza tritiamu ilitoka wapi, na ni ngapi iliyorudi.