Kuhuisha Seva ya Hospitali: Ratiba Isipangwe na Fundi Peke Yake

Mgonjwa anayetoka Basotu kwenda Katesh, au mama mjamzito anayetoka Yaeda Chini kwenda Haydom, hana sababu ya kujua faili lake limehifadhiwa katika mtambo gani. Anachohitaji ni daktari ayaone majibu ya vipimo vya wiki iliyopita, na dirisha la dawa liitambue kadi yake ya bima. Hata hivyo, siku seva inapozimwa bila maandalizi, yeye ndiye anayelipa nauli mara ya pili.

Katika hospitali inayotumia kompyuta pepe, seva moja yenye nguvu hubeba kompyuta kadhaa zisizoonekana: moja ya faili za wagonjwa, nyingine ya maabara, nyingine ya madai ya bima. Juu yake ipo programu ya usimamizi, inayozianzisha, kuzihamisha kutoka seva hadi seva na kusaidia kutunza nakala rudufu. Programu hiyo ikizimwa kwa saa chache, kompyuta pepe huendelea na kazi. Kinachopotea ni uwezo wa kuzisimamia. Kwa sababu hakuna kinachosimama mara moja, ni rahisi kazi ya kuihuisha kuahirishwa mwaka hadi mwaka.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Toleo la 7 la vSphere, programu ya kampuni ya VMware, lilikoma kupata msaada wa kawaida wa mtengenezaji tarehe 2 Oktoba 2025. Mwezi Februari 2023, wahalifu walizifunga seva za aina hiyo katika nchi mbalimbali kupitia ufa ambao marekebisho yake yalikuwa yametolewa tangu Februari 2021. Nchini Uingereza, kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisababisha maelfu ya miadi ya wagonjwa kufutwa, ingawa marekebisho yalikuwa yametoka mwezi Machi. Katika matukio yote mawili dawa ilikuwapo. Haikutumiwa kwa wakati.

Lakini pia haraka haraka haina baraka. Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kuiona kazi hii kuwa ya chumba cha kompyuta tu. Kikao cha kuipanga kiwe na muuguzi mkuu, mkuu wa maabara, mfamasia na mhasibu wa bima. Fundi anajua kwamba programu ya usimamizi huhuishwa kwanza, kisha seva zinazobeba kompyuta pepe. Kwamba lazima athibitishe kama seva za zamani na programu ya nakala rudufu zinakubaliana na toleo jipya. Muuguzi anajua siku ya kliniki ya wajawazito na siku ya mnada, wagonjwa wanapofurika. Mhasibu anajua kwamba mwisho wa mwezi si wakati wa kugusa mfumo wa madai. Na sote twajua kwamba barabara za Mbulu wakati wa masika zinaweza kumchelewesha fundi au kipuri kutoka Arusha.

Kabla ya kugusa chochote, nakala rudufu ichukuliwe, nayo ijaribiwe kwa kurejeshwa. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Seva ya usimamizi ya zamani isifutwe mpaka mpya ithibitike. Saa ya kukata shauri iandikwe mapema: kazi isipokamilika kufikia saa kumi alfajiri, tunarudi tulikotoka. Nakala hizo zina siri za watu, zikiwamo hali za maambukizi ya VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai ulinzi wake; haifai diski yenye nakala hiyo kusafiri mfukoni mwa mtu ndani ya basi.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliangukia Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Maafa hayasubiri ratiba ya matengenezo. Kwa hiyo, usiku wa kazi hiyo kila wodi iwe na rejista za MTUHA, fomu za maabara na orodha iliyochapishwa ya wagonjwa waliolazwa na dawa zao, na zamu ikumbushwe namna ya kuzitumia.

Wapo watakaosema hospitali zetu hazina fedha. Hoja hiyo ni nzito, hasa tangu Broadcom iliponunua VMware mwaka 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu. Programu huria, kama Proxmox, zinaweza kuwa njia nyingine. Lakini kuhamia huko kunahitaji maandalizi yaleyale. Orodha iliyochapishwa, nakala iliyojaribiwa na kikao cha saa moja havihitaji leseni ya mtu yeyote.

Wagonjwa nao watangaziwe siku kadhaa mapema, kanisani, msikitini, mnadani na redioni, kwa Kiswahili, Kiiraqw na Kidatoga. Wewe mgonjwa, itunze kadi yako ya kliniki, uje nayo kila unapokuja. Nawe mganga mfawidhi, kabla hujatia saini ratiba, muulize fundi: tukishindwa usiku huo, mgonjwa wa kwanza wa asubuhi atahudumiwa vipi? Akikosa jibu, ratiba hiyo haijakamilika.