Motokaa ya Mbio Chini ya Mwembe



Juma hili tuzungumze habari za motokaa. Najua wengine mtasema, "Karani, sisi hata baiskeli ya kupelekea mahindi mashineni hatuna." Ni kweli. Lakini watoto wetu wako mjini, na fedha za magari yao mara nyingi hutoka shambani kwetu. Sikilizeni basi.

Mama mmoja mjane alifika ofisini kwangu pamoja na mwanawe. Wameniruhusu niwaelezeni, ila majina yao nayaacha. Waliomba niwaandikie hati ya kuuza kipande cha shamba la migomba. Nikauliza sababu. Kijana akajibu kwamba alinunua Subaru Impreza kuukuu, ile yenye turbo, iwe gari lake la kwanza, akamaliza akiba yake yote. Alilitumia miezi mitano tu. Sasa injini imekufa, gari limelala chini ya mwembe, na kuku wanataga uvunguni mwake. Shamba liuzwe ili injini nyingine ipatikane.

Mimi simcheki. Impreza ina sifa zake. Ilianza kuuzwa mwaka 1992, na ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997, tena mwaka 2000. Kijana gani asiyetamani? Lakini, ndugu zangu, gari la mashindano hufuatwa na mafundi wengi na spea tele. Hili la kijana wetu lilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 20, na fundi wake ni mmoja tu, wa kulipwa kwa siku.

Nikamwuliza maswali matatu. Kwanza, mkanda wa injini, ule mafundi wauitao taimingi, ulibadilishwa lini? Hakujua. Mkanda huo hubadilishwa yapata kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana, injini ikaharibika papo hapo. Hayo ndiyo yaliyompata. Pili, oili je? Turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno, na oili ndiyo uhai wake. Ni busara kuibadilisha kila kilomita 5,000. Yeye alikuwa akiongeza tu. Tatu, tairi je? Alinunua mbili mpya za mbele, akaziacha za nyuma zilizokwisha. Gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne. Tairi zisipolingana, mtambo wa katikati unaogawa nguvu husagika upesi.

Kosa, basi, si la gari. Kijana alihesabu bei ya kununua, hakuhesabu bei ya kutunza. Bwana wetu alikwisha kutuonya kwa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: sharti kwanza aketi ahesabu gharama, asije akachekwa.

Mwanao akikuambia anataka gari la namna hiyo, usimkatalie kwa hasira. Mwambie agawe fedha zake mafungu matatu: mawili ya kununulia, moja la matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asipoweza hivyo, gari hilo si lake bado. Aende kulitazama pamoja na fundi wake mwenyewe, wala si fundi wa mwuzaji. Aende asubuhi, injini ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto maana yake maji ya rejeta yanaingia ndani. Ainue mazulia atafute kutu, na alinganishe namba ya chesi na ile ya kwenye kadi. Asiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Akisha kulinunua, breki na tairi zitangulie, rangi na redio zifuate. Gari kuukuu lenye mbio na breki mbovu huleta msiba nyumbani. Padre atalibariki kwa furaha, lakini maji ya baraka hayafanyi kazi ya mafuta ya breki.

Je, hati ile? Nilimwuliza mama shamba lake linalisha watu wangapi. Akasema, "Sita, pamoja na wajukuu." Kijana akainama, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mama, twende nyumbani." Hatukuandika neno.

Gari lingali chini ya mwembe. Kijana anaweka akiba ya injini kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake. Hata ikichukua miaka miwili, na ichukue. Jumapili iliyopita mama alileta mkungu wa ndizi wakati wa matoleo. Mkungu huo ulitoka katika kipande kile kile.